Asilimia Themanini na Saba

Hospitalini walimwita Bibi Afya, na yeye hakuwahi kulalamika, kwa sababu cheo chake halisi kilikuwa kirefu kiasi kwamba hata mlinzi wa getini aliishia njiani kila alipojaribu kukitamka. Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha waliokuja kutibiwa hawaondoki na ugonjwa mwingine, na waliokuja kutibu hawaugui kwa kutibu. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti. Ofisi yake zamani ilikuwa stoo ya magodoro. Ilikuwa na dirisha moja, meza moja, friji ya chanjo iliyokuwa ikinguruma mchana kutwa, na kabati la mafaili ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Alikuwa akiandika joto la friji kwenye daftari aliposikia hodi ya chini chini, hodi ya mtu asiye na hakika kama ana ruhusa ya kubisha.

"Karibu, mama. Pita ndani."

Aliyeingia alikuwa mwanamke anayekaribia sitini, amevaa aproni ya plastiki na viatu vya mpira, kidole cha shahada amekifunga kitambaa. Bibi Afya alimjua kwa sura tu. Alikuwa mmoja wa wanawake wa chumba cha kufulia, kule nyuma kabisa ya majengo, na wenzake wote walimwita Shangazi.

"Nimechomwa na sindano," akasema. "Ilikuwa ndani ya shuka. Sijui ya mgonjwa gani, sijui imetoka wodi gani."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Na sasa saa saba! Ulikuwa wapi muda wote huo, Shangazi?"

Shangazi akaeleza bila kupandisha sauti. Alikwenda kitengo cha dharura akaulizwa namba yake ya kazi. Hakuwa nayo. Yeye na wenzake walikuwa vibarua wa kampuni iliyoshinda zabuni ya usafi, na dawa za kinga dhidi ya VVU, aliambiwa, ni za wafanyakazi. Wewe si wetu, nenda kwa waliokuajiri. Akaenda kwa msimamizi wa kampuni. Msimamizi akamwambia amalizie furushi alilolianza, halafu wataangalia. Basi akalimalizia.

"Na hapa nimekuja kwa sababu mwenzangu mmoja ameniambia wewe hufukuzi watu," akamaliza.

Bibi Afya akafunga daftari. Akamshika mkono ule mzima, wakatoka, wakapita mapokezi, wakapita foleni ya maabara, na kila aliyemwona Bibi Afya anatembea kwa mwendo ule alimpisha. Kwenye kitengo cha dharura alikuwepo tabibu kijana, mtu mzuri tu, lakini mwenye kuogopa karatasi kuliko damu.

"Dada, mimi sina kinyongo naye," akasema tabibu. "Ila fomu inataka namba ya mfanyakazi. Nikiacha wazi, mtu wa dawa atanirudishia."

"Nipe hiyo kalamu."

Pale palipoandikwa *Namba ya kazi*, Bibi Afya akaandika kwa herufi kubwa: HANA. ANAFUA SHUKA ZETU. Chini yake akatia saini yake na namba yake ya simu.

"Mtu wa dawa akirudisha, mwambie anipigie mimi. Sasa mchukue vipimo, na dozi ya kwanza aimeze hapa hapa, mbele yangu. Kila saa inayopita inatupunguzia bahati."

Shangazi akameza. Akakunja uso kwa uchungu wa vidonge, kisha akauliza kama anaruhusiwa kurudi kazini, maana mashine ingekuwa imemaliza kuzungusha.

"Twende wote," akasema Bibi Afya. "Nataka nione."

Ni aibu kuisema, lakini katika miaka minne ya kazi alikuwa ameingia chumba cha kufulia mara mbili tu, na mara zote mbili alisimama mlangoni. Safari hii aliingia mpaka ndani. Kulikuwa na mashine tatu, na iliyofanya kazi ni moja. Mvuke ulikuwa mzito, sakafu inateleza, na wenzake Shangazi kumi walikuwa wameinama juu ya lundo la shuka wakizichambua. Za damu huku, za kawaida kule. Waliokuwa na glovu walikuwa wanne, na glovu zenyewe zilikuwa zile nyembamba za kupimia wagonjwa, zimechanika vidoleni.

Dirishani palikuwa na kopo kubwa la plastiki. Bibi Afya akalinyanyua, likalia kama njuga. Lilikuwa limejaa sindano mpaka shingoni.

"Hilo ni la tatu mwaka huu," akasema mwanamke mmoja mwembamba, mcheshi, ambaye wenzake walimpa jina la Redio kwa sababu hakuna aliyejua mahali pa kumzimia. "Tukiokota tunaweka humo. La kwanza tulimpelekea msimamizi, akasema tupeleke kwenye tanuri la taka. La pili hatukumpelekea mtu. Hili tulikuwa tunangoja lijae tufanye sherehe."

Wenzake wakacheka. Bibi Afya hakucheka.

"Nani humu hajawahi kuchomwa?"

Walitazamana. Hakuna aliyeinua mkono.

"Nani amechanjwa homa ya ini?"

"Homa ya nini?" akauliza Redio.

Bibi Afya alirudi ofisini, akafungua kamba ya kabati, akatoa faili la ripoti za mwaka. Alilijua jibu kabla hajalifungua, ila alitaka kulitazama usoni. *Waajiriwa walio katika hatari ya kugusana na damu: 261. Waliokamilisha chanjo ya homa ya ini: 261. Asilimia mia.* Mwaka jana, mwaka juzi, mwaka ule mwingine. Mara tatu, na mara zote saini ilikuwa yake. Hospitali ilikuwa imepata cheti cha pongezi kwa namba ile, kikatundikwa mapokezi ndani ya fremu. Hakuna aliyedanganya. Walihesabiwa waliokuwa kwenye orodha, na orodha ilikuwa imeandikwa na watu wenye ajira. Kisha akatoa karatasi safi akaanza kuorodhesha: wa kufulia, kumi na mmoja. Wasafishaji wa wodi, ishirini na wawili. Wachoma taka, sita. Jumla thelathini na tisa.

Kesho yake asubuhi alikwenda tena kufulia na daftari jipya. Alieleza anachotaka. Kila furushi lina lebo ya wodi lilikotoka. Kwa wiki mbili, sindano ikiokotwa, iandikwe imetoka wodi gani. Basi, hakuna kingine. Alikuwa amewaletea glovu nene za mpira kutoka stoo, na vibanio virefu vya chuma ili wasitumbukize mikono.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akikamua shuka pembeni akamkatiza. "Dada, usinielewe vibaya. Wewe ukimaliza kuhesabu utarudi ofisini kwako. Sisi wakitufukuza turudi wapi?"

Wengine wakaacha kuchambua, hata Redio.

Bibi Afya angeweza kusema hakuna atakayefukuzwa. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, matamu. Akayameza. "Siwezi kukuahidi kitu ambacho hakiko mkononi mwangu," akasema. "Ninachoweza ni hiki: daftari litakuwa na jina langu peke yangu. Akiuliza mtu nani ameandika, ni mimi. Na nikisimama mbele ya wakubwa kusema, sitasema nusu. Asiyetaka kuandika asiandike, na glovu atapata vilevile."

Yule mwanamke akaendelea kukamua. Lakini ilipofika jioni, alama tatu za kwanza kwenye daftari zilikuwa za mkono wake.

Nyumbani, habari zilimfikia mama mkwe wake kabla hata Bibi Afya hajafungua mdomo, kwa sababu mama mkwe alimsoma mtu kwa anavyoshika kijiko. Alikuwa ajuza mkavu, mwenye ulimi wa wembe na moyo wa pamba, na tangu mwanawe apate kazi ya safari za mbali, wawili hawa walikuwa wakila pamoja kila jioni kama mtu na dada yake.

"Unakula kama unafukuzwa. Umegombana na nani?"

"Bado, mama. Ndiyo najiandaa."

Akamsimulia. Bibi kizee akasikiliza, akatoa mwiba wa samaki mdomoni taratibu, akauweka pembeni mwa sahani.

"Na hao wakubwa wakikugeuzia kibao?"

"Wakinigeuzia nitakuwa nimesema. Mama, mimi nalipwa kuzuia watu wasiugue. Hakuna mahali pameandikwa niwazuie wenye vitambulisho tu."

"Hm." Mama mkwe akamwongezea mchuzi bila kuulizwa. "Kula basi vizuri. Ugomvi wa njaa hauna adabu."

Wiki mbili zikaisha. Sindano hamsini na nane. Thelathini na moja zilitoka chumba cha upasuaji, kumi na nne wodi ya wazazi, na zilizobaki zilitapakaa kwingineko. Katika siku hizo hizo Bibi Afya aliwapima wanawake wote kumi na mmoja, mmoja mmoja, mlango umefungwa, majibu mkononi mwa mwenyewe tu. Wawili walikuwa tayari wana homa ya ini. Aliwashika mikono, akawapangia kliniki, na kuhusu wao hakumwambia mtu zaidi ya daktari wao.

Alhamisi katibu wa hospitali alimwita. Katibu alikuwa mtu nadhifu, mpole, anayependa vitu vinyooke kama suruali zake. Wakaguzi wangekuja wiki ijayo, akasema, na ripoti ya chanjo ilikuwa haijasainiwa.

"Sitaisaini ikiwa hivi," akasema Bibi Afya, akaweka orodha yake mezani. "Tumewaacha watu thelathini na tisa."

Katibu akaisoma, akavua miwani. "Lakini hawa ni wa kampuni. Mkataba unasema afya yao iko kwa mwajiri wao."

"Damu wanayoishika ni ya wagonjwa wetu."

"Nakuelewa, dada yangu, nakuelewa sana. Mimi nasema kitu kimoja tu: tusijivue nguo mbele ya wageni. Wakaguzi wapite kwanza. Halafu tukae, tuzungumze."

"Tulishakaa mwaka jana, bosi, na mwaka juzi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kuliko wote." Akainuka. "Naomba nafasi kwenye kikao cha Jumatatu. Dakika kumi."

Katibu hakukataa wala hakukubali. Lakini maneno yana miguu, na mchana ule ule msimamizi wa kampuni alishapata habari kwamba kuna daftari. Hakumgusa Bibi Afya, asingeweza. Ijumaa asubuhi alimwambia Shangazi kwamba kampuni inapunguza watu, asije tena.

Shangazi alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashine. Na hapo likatokea jambo ambalo Bibi Afya hakulipanga, na hata angelipanga lisingependeza vile. Yule mwanamke aliyeuliza swali siku ile, yule aliyeogopa kufukuzwa, akaacha shuka aliyokuwa akiikamua ianguke chini, akaenda kukaa kwenye benchi. Redio akamfuata. Halafu wengine, mmoja mmoja. Hakukuwa na kelele wala nyimbo. Walikaa tu, mikono mapajani, kama abiria.

Ilipotimu saa tano, chumba cha upasuaji kilikuwa kimeishiwa shuka. Mgonjwa wa pili alikuwa tayari kwenye machela. Daktari bingwa wa upasuaji, mzee mwenye mabega mapana na subira fupi, aliuliza shuka ziko wapi, akaambiwa kufulia kumegoma. Akauliza kufulia ni wapi, kwa maana katika miaka yake kumi na tisa pale hakuwahi kuhitaji kujua. Akateremka mwenyewe akiwa bado na kofia yake ya kijani kichwani.

Bibi Afya alikuwa amefika dakika chache kabla yake. Alimwona daktari anavyofungua mlango kwa kishindo, halafu anavyosimama, miwani yake imejaa ukungu wa mvuke.

"Nani kiongozi hapa?" akafoka. "Nina mgonjwa amekaa na njaa tangu jana!"

"Shikamoo, daktari," akasema Shangazi, maana alikuwa bado hajaondoka. Daktari alikuwa mkubwa kwake kwa miaka mitatu minne tu, lakini salamu ile ilimfanya ashushe sauti.

"Marahaba. Kuna nini, mama?"

Shangazi akamwonyesha kidole. Kovu lilikuwa dogo, doa tu. "Nilichomwa na sindano, na nyingi zinatoka kwako. Nilipopata mtu wa kunitibu, wenzangu wakaandika zinatoka wapi. Sasa nimeambiwa nisirudi."

"Kwangu? Kwangu mimi?" Daktari akamgeukia Bibi Afya. "Nani kasema zimetoka kwangu?"

Bibi Afya akampa daftari, wazi kwenye ukurasa wa jumla, na kando yake akaweka mfuko wa lebo zote za mafurushi, zimefungwa kwa tarehe. Alimwacha asome. Daktari alifuta miwani kwenye koti lake, akasoma ukurasa mzima, akarudi mwanzo, akachukua lebo moja akaitazama nyuma na mbele. Ulikuwa mwandiko wa muuguzi wake mwenyewe, anaujua vizuri.

"Thelathini na moja," akasema. "Wiki mbili?"

"Wiki mbili."

"Nikisahau pamba moja tumboni mwa mtu nitapelekwa mahakamani. Hizi thelathini na moja hakuna aliyeniambia."

"Nakuambia sasa, daktari."

Sifa mbaya ya mzee ilikuwa hasira. Sifa yake nzuri, ambayo wachache waliijua, ilikuwa kwamba hakuweza kubishana na kitu alichokihesabu mwenyewe. Akamwaga kopo kwenye beseni ya chuma, akaanza kutenga kwa kibanio sindano za kushonea na za dawa. Alipofikisha ishirini za kushonea akaacha.

"Jumatatu kuna kikao," akasema.

"Nimeomba dakika kumi."

"Utapewa saa nzima." Kisha akawageukia wanawake, na kwa mara ya kwanza alionekana hajui aweke wapi mikono. "Akina mama, mgonjwa wangu hana kosa. Naomba shuka sita. Huyu mama hatoki hapa. Nitamwambia msimamizi wenu mimi mwenyewe, sasa hivi."

Walimtazama Shangazi. Shangazi akaifungua aproni yake iliyokunjwa, akaivaa. Shuka sita zikapanda juu kabla ya saa sita.

Jumatatu Bibi Afya alivaa gauni lake la bluu na kusema yote, akianzia kwake mwenyewe. Alisoma ripoti tatu alizosaini, kwa sauti. Alisoma mwongozo wa chanjo, ambao ulisema *mtu yeyote ambaye kazi yake inamkutanisha na damu*, na akaonyesha kwamba neno *mwajiriwa* halikuwemo kabisa. Liliingizwa hapo hapo hospitalini na aliyechapa fomu ya kwanza, na wote waliofuata wakanakili, yeye akiwemo. Katibu alijaribu kuurudisha mkataba mezani. Daktari wa upasuaji akamwuliza kwa upole wa kutisha kama angependa kwenda kuchambua shuka kwa saa moja, glovu atamwazima. Mganga mkuu, mwanamke wa maneno machache, akauliza kitu kimoja: chanjo zipo? Zipo, akasema Bibi Afya, dozi mia na ishirini, zinaisha muda baada ya miezi minane. Basi ikaamuliwa. Watu wote thelathini na tisa wangechanjwa. Atakayechomwa atatibiwa kwanza, maswali baadaye. Masanduku ya kutupia sindano yangetundikwa kila wodi, na hakuna shuka itakayotoka chumba cha upasuaji kabla sindano hazijahesabiwa. Mkataba wa kampuni ungeandikwa upya.

Wakaguzi walikuja Jumatano. Mmoja wao, mwanamke mwenye kalamu tatu mfukoni, alisimama kwenye ukurasa wa chanjo.

"Mwaka jana mlikuwa asilimia mia. Mwaka huu themanini na saba. Mmerudi nyuma?"

"Hapana," akasema Bibi Afya. "Mwaka jana hatukuhesabu watu wote. Mwaka huu tumehesabu."

Mkaguzi akachukua kalamu moja na kuuliza ni vipi aliwapata wale thelathini na tisa, na akaandika jibu lote, mstari kwa mstari.

Dozi ya kwanza ilitolewa wiki ile ile, kwenye ile stoo ya magodoro, foleni ikafika mpaka mapokezi. Redio, aliyeokota mamia ya sindano kwa mikono yake, alipoiona moja inamjia begani alifumba macho na kunyamaza kabisa, na wenzake wakasema huo ulikuwa muujiza wa kwanza wa chanjo. Shangazi alimaliza dawa zake, akapimwa, akapimwa tena baada ya miezi mitatu. Alikuwa salama. Alipopewa majibu aliyaweka kifuani, ndani ya nguo, na kurudi kwenye mashine. Mashine zenyewe sasa zilikuwa mbili zinazofanya kazi, baada ya wanawake kuandika barua yao wenyewe na kuipeleka kwa mganga mkuu bila kumpitishia Bibi Afya aisahihishe. Alipoisikia habari hiyo alifurahi kuliko alivyofurahia kikao.

Dozi ya tatu ilipokamilika, kamati ya kuzuia maambukizi iliongezewa kiti kimoja kwa ajili ya watu wa kufulia na usafi, nao wakamchagua Redio. Siku ya kikao chake cha kwanza alikuja amefunga kitambaa kipya kichwani, akakaa kati ya daktari wa upasuaji na katibu, akasikiliza taarifa ya wodi ya wazazi, ambako sindano bado zilikuwa zikionekana kwenye shuka, na hakuna aliyejua kwa nini. Muuguzi mkuu akasema wauguzi watakumbushwa. Katibu akaandika: *wakumbushwe*.

"Samahani," akasema Redio. "Mmeshayaona yale masanduku ya wodi ya wazazi yalivyotundikwa?"

Hakuna aliyekuwa ameyaona.

"Yako juu ya kichwa changu, na mimi si mfupi. Muuguzi ameshika mtoto mkono mmoja, sindano mkono mwingine, mnataka aruke? Ataiweka kitandani tu. Yashusheni."

Daktari wa upasuaji akaanza kucheka, mabega yake mapana yakatikisika. Katibu akafuta neno *wakumbushwe*, akauliza yashushwe mpaka wapi, na Redio akasimama kuonyesha kwa kiganja, usawa wa kiuno chake, huku Bibi Afya akichukua futi ya kupimia kutoka kwenye mkoba wake na kumfuata kuelekea wodini.